Barua za Kumkinga Kaka

Kaka alirudi na karatasi ya samawati iliyokunjwa mara nne, na mimi nikaitwa ukumbini kuisoma. Kaka mwenyewe alikuwa amejifunza kusoma huko alikotoka, lakini shangazi alisema, "Asisome yeye, asije akaruka lililo zito." Alisema hivyo kaka amesimama palepale mbele yake, hata kikombe cha chai hajapewa.

Mimi ni mtu wa haya. Darasani mwalimu akiniuliza kitu, nalijua jibu lakini nasimama kama nguzo mpaka anachoka na kumwuliza mwingine. Siku ile niliisoma karatasi huku nikiangalia viatu vya kaka. Vilikuwa vyeusi, vikubwa kuliko miguu yake, havina kamba.

Alikuwa na miaka kumi na mitano alipokamatwa. Alikuwa utingo wa lori la mahindi, na pale Mai Mahiu, dereva akinywa chai kabla ya kupanda mlima, yeye na wenzake wawili walifungua tairi la akiba la lori jingine. Wenzake walikimbia. Yeye alikutwa amelikalia. Korti ikampeleka shule ya kurekebisha tabia, ambayo huku mtaani Bondeni tuliiita jela ndogo. Alikaa huko miaka miwili na zaidi, na sasa walikuwa wamemwachilia kabla ya siku zake kwisha, kwa masharti. Miezi kumi na minne iliyobaki aimalizie nyumbani.

Masharti nayakumbuka kwa sababu niliyasoma mara tatu, baba akiniambia rudia. Alale nyumba ya baba yake. Afanye kazi. Saa kumi na mbili jioni awe ndani. Asitoke Nakuru bila ruhusa. Asionekane na wenzake wa zamani. Na kila Jumamosi baba yake ampelekee afisa wa uangalizi barua ya kueleza mwenendo wa kijana. Akivunja moja, anarudishwa, na kwa kuwa alikuwa anakaribia miaka kumi na minane, hatarudishwa kwa watoto. Atapelekwa jela kubwa, kwa wanaume.

Mama alilia, akamshika kichwa. Shangazi akaenda kufunga kabati, na ufunguo akaufunga kwenye pindo la leso yake. Hakujificha. Alitaka kaka asikie lile fundo likikazwa.

Baba ni fundi wa magodoro. Anafanyia kazi barazani, anachambua sufi, anashona kitambaa cha milia kwa shazia, ile sindano ndefu kama mkono wa mtoto. Kesho yake asubuhi alimkalisha kaka upande wa pili wa godoro, wakaanza kazi. Baraza yetu inapakana na ya kinyozi, na kinyozi hajawahi kuacha neno likae kinywani.

"Karibu, bwana mkubwa!" alimwambia kaka, kila mteja akisikia. "Jamani, mwenye gari aangalie magurudumu yake!"

Wakacheka. Kaka naye akacheka. Baba aliendelea kushona.

"Mzee, hilo godoro umelihesabu sufi yake? Usije ukakuta kesho unashona kitambaa kitupu."

Ilikuwa hivyo kila siku. Mtu akija kuomba akapimiwe godoro nyumbani kwake, husema, "Aje mzee mwenyewe, huyo kijana abaki." Baba hujibu, "Haya." Hakumtetea hata mara moja. Wakati ule mimi niliona ni sawa.

Sasa nieleze habari za barua, kwa sababu ndizo zinazoniandikisha haya.

Baba anajua kusoma na kuandika kwa herufi za Kiarabu. Orodha ya wateja wake huiandika hivyo, na barua zake za kwenda kwa ndugu zake pwani pia. Afisa alitaka herufi za shule. Basi Jumamosi ya kwanza baba aliniita, nikakaa mkekani na kalamu, yeye akiwa na shazia mkononi. Akasema, "Andika. Bwana Afisa, salamu. Huyu kijana wangu yupo. Ni mvivu. Hana maana. Mtu hawezi kumtegemea kwa lolote. Wasalaam."

Nilimtazama. Kaka wiki ile alikuwa ameshona magodoro manne, na la nne baba mwenyewe alilipapasa mishono yake kwa kidole gumba, polepole, mpaka mwisho, asipate pa kukosoa.

Lakini nilijua kwa nini amesema hivyo. Mtu yeyote wa kwetu angejua. Kabla ya kaka kulikuwa na mtoto mwingine, wa kwanza kabisa, mnene, mwenye nywele nyingi. Siku ya karamu akaja mgeni akambeba juu, akasema, "Mtoto mzuri kama huyu sijapata kumwona," bila hata kutamka mashaallah. Mtoto alishikwa na homa usiku huo, na wiki haikwisha akazikwa. Tangu hapo baba, kwa kuogopa jicho baya, hamsifu aliye wake. Mimi nilipofaulu mtihani wa kuingia sekondari, na katika mtaa wetu tulikuwa wawili tu, aliwaambia watu, "Wamemwonea huruma, kichwa chake ni maji." Wageni wetu wakisikia hivyo hutabasamu, wanaelewa kwamba mtoto anapendwa.

Na barua ile, baba alisema, itapita mikononi mwa makarani, maaskari, wafungwa wanaofagia ofisi. "Macho mangapi hayo? Niwafungulie mlango?"

Nilitaka kumwambia, baba, yule afisa ni Mzungu. Akisoma mvivu ataona mvivu. Maneno yalinifika mpaka kwenye meno. Nikaandika kama nilivyoambiwa, nikabandika bahasha kwa gundi, kwa sababu bahasha ikifika imefunguliwa haipokelewi, nikaipeleka.

Hivyo Jumamosi ya kwanza, na ya pili, na ya tatu. Baba alikuwa na maneno yake machache anayoyageuzageuza. Hana maana. Hafai. Mkono wake mzito. Nguo yake imemshinda, sembuse kazi. Siku moja alimwona kaka akimbebea mama maji bila kutumwa, na jioni yake nikaandikishwa kwamba kijana huyu hata mama yake hamsaidii. Jema lilipokuwa kubwa, baba alilifunika kwa baya lililolingana nalo.

Miaka hii ya Hali ya Hatari kila mtu mjini ana karatasi mfukoni na kila njia ina askari wa kuiomba. Lakini karatasi ya kaka ilikuwa mbaya kuliko za wengine. Aliitoa mahali pengi alipoomba kazi. Kiwanda cha unga walimrudishia bila kuimaliza. Kwenye kituo cha reli karani aliwaita wenzake waje waisome, halafu akamwambia, "Huku tuna mali ya watu, ndugu yangu." Wenzake wa zamani tu ndio waliomwita kwa jina lake na kumwuliza amekula nini. Aliwakwepa. Nilimwona kwa macho yangu sokoni, mmoja wa wale vijana wa malori alimpa mkono, kaka akaupokea haraka na kuondoka karibu akimbie.

Hilo la sokoni nilikuja kulitumia. Nitasema nilivyolitumia.

Kaka alikuwa mcheshi, na mzaha wake ulikwenda kwa aliye dhaifu, kama ilivyo kawaida nyumbani kwetu. Siku moja nilirudi kutoka shule na wenzangu watatu. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu watu wa darasa langu walikuwa wananisindikiza. Kaka alikuwa barazani. Akawaambia, "Nyinyi mnatembea na huyu? Mnamsikia sauti? Huyu ni bibi harusi, anangoja kufunuliwa." Kinyozi alicheka mpaka akaweka wembe chini. Wenzangu nao wakacheka, na kesho yake shule nzima ikaniita Bibi Harusi. Mpaka leo wananiita.

Jumamosi hiyo baba alipomaliza kusema maneno yake, mimi niliongeza la kwangu. Niliandika, "Tena huonekana sokoni pamoja na wale vijana wa malori." Salamu moja ya haraka niliifanya desturi. Baba hakujua. Nilipomsomea barua kwa sauti, sentensi hiyo niliiruka. Niliisikia furaha ndogo kifuani, kama ya mtu aliyekunywa maji baridi. Na wiki iliyofuata niliongeza nyingine.

Kazi ilipopatikana, ilikuwa gereji iliyo karibu na barabara kuu. Katika jela ndogo kaka alikuwa amefundishwa mashine. Fundi mkuu wa gereji, Kalasinga mmoja mwenye ndevu zilizofungwa kwa wavu, alimpa kabureta mbovu aifungue. Kaka akaifungua, akaisafisha, akaifunga, gari likawaka. Yule fundi akasema, "Mikono iko. Lete barua ya afisa, kazi iko." Kaka alirudi nyumbani akitembea kama mtu ambaye ardhi inamsukuma.

Asubuhi ya Jumamosi ile, ya barua ya kumi na moja, alisema tufuatane. Alivaa shati lake jeupe. Njiani aliongea bila kupumzika, kwamba atajifunza magari makubwa, kwamba atanunua viatu vyenye kamba.

Afisa alikuwa mtu mrefu, mpole wa sauti. Alipokea bahasha, akasikiliza habari ya gereji mpaka mwisho. Kisha akafungua faili, akazitoa barua zote, akazipanga mezani kama mtu anayepanga karata.

"Mimi nataka kukusaidia," alisema. "Lakini sikiliza." Akaanza kusoma. "Mvivu. Hana maana. Mtu hawezi kumtegemea kwa lolote. Hata mama yake hamsaidii. Huonekana sokoni pamoja na vijana wa malori." Alisoma vizuri, Kiswahili safi. "Haya si maneno yangu, haya ni ya baba yako. Nimwambie nini huyo Kalasinga? Nimwambie baba yako mwongo?"

Kaka aliinama kuutazama mwandiko. Kisha akainua macho akanitazama mimi.

Tulipofika nje alisema, "Ule ni mkono wako."

Niliangalia viatu vyake.

"Sema, Bibi Harusi."

"Baba ndiye anasema. Mimi naandika tu."

"Na ya sokoni? Baba haendi sokoni mwaka wa ngapi sasa?"

Nilidhani atanipiga, na kusema kweli nilitamani anipige, ili tuwe tumelipana. Alitema mate pembeni akatangulia.

Nyumbani alikwenda moja kwa moja kwa baba. "Baba, umeniua."

Baba hakuacha kushona. "Uko hai. Unasema nami."

"Yule Mzungu hajui mambo ya jicho. Akisoma hana maana, kwake hana maana."

"Asijue yeye. Jicho linajua."

"Barua moja, baba. Moja tu. Mwambie nafanya kazi."

Hapo baba aliichomeka shazia ndani ya godoro ikazama yote. "Nimezika mmoja kwa sifa," alisema. "Wa pili simziki."

Kinyozi alikuwa amesikia kila kitu. Akasema, "Mzee msifu bwana, hata kwa uongo!" Mteja mwenye povu shavuni akacheka.

Kaka alinifuata bombani, nyuma ya nyumba. Alichuchumaa mbele yangu. Sikuwa nimepata kumwona kaka akiwa chini yangu kwa kimo.

"Mdogo wangu," alisema, "nakuomba. Kalasinga ataniwekea nafasi mpaka Jumamosi saa sita mchana. Baba hazijui hizo herufi. Atasema yake, wewe andika kweli. Magodoro, maji ya mama, kabureta. Basi. Na lile jina sitakuita tena."

Nikaitikia kwa kichwa.

Wiki ile alinitendea wema wa kila namna. Alinifulia shati la shule. Alimfukuza mtoto wa jirani aliyeniita lile jina. Na mimi nilikuwa nangoja Jumamosi kama sikukuu.

Ilipofika, baba alisema, "Andika. Hakuna jipya. Ni yule yule. Hana maana."

Kalamu ilikuwa mkononi mwangu. Baba alikuwa anatazama uzi wake. Ningeweza kuandika chochote duniani. Nikaandika, "Hakuna jipya. Ni yule yule. Hana maana."

Nimejiuliza kwa nini mara nyingi kuliko nilivyojiuliza jambo lolote. Nimejiambia nilimwogopa baba. Si kweli, baba asingejua. Daftari hili halisomwi na mtu, kwa hiyo naandika ilivyokuwa: nilitaka aniombe tena. Nilipenda alivyochuchumaa. Nilifikiri kutakuwa na Jumamosi nyingine, na fundi atangoja, na wiki nyingine nzima nitakuwa mtu anayeombwa.

"Umeandika?" kaka aliuliza mlangoni.

Nikaitikia.

"Yote?"

"Yote," nikasema, kwa sauti, mimi ambaye sauti huwa hainitoki.

Akanipapasa kichwa. Akaichukua bahasha mwenyewe.

Yaliyofuata tuliyapata kwa karani wa afisa na kwa askari. Afisa aliifungua barua mbele yake, akasoma, akaikunja. Akamwambia, "Hakuna jipya, kijana. Jaribu mwezi ujao." Kaka aliomba aione. Akaonyeshwa. Karani anasema aliishika muda mrefu kwa barua fupi kama ile, halafu akairudisha kwa mikono miwili, kwa adabu.

Alikwenda gereji hata hivyo. Saa sita ilikuwa imepita na kijana mwingine alikuwa tayari chini ya gari. Fundi alimwambia pole. Kaka akasimama langoni. Palikuwa na mfuko wa spana umeachwa chini. Lori likapita, juu yake wale wawili wa zamani, wakamwita, "Panda, bwana!" Akauokota mfuko, akapanda.

Walimkamata Mai Mahiu kabla jua halijazama, kwenye kibanda kilekile cha chai cha miaka ile, mfuko uko mezani mbele yake, haujafunguliwa. Askari aliyekuja kutuarifu alikuwa na furaha yake. "Mzee," alimwambia baba, "hii mtoto yako inapenda chai ya pale sana. Mara ya pili sasa tunaishika hapo hapo."

Kinyozi akasema, "Si nilisema?"

Kortini nilikaa kati ya baba na mama. Barua zote kumi na mbili zilitolewa, karani akazisoma moja baada ya nyingine. Kila aliposoma zile sentensi zangu, baba aligeuka kidogo akanitazama, kama mtu anayetafuta mahali pa sauti. Kaka alikuwa kizimbani, amevaa vile viatu. Hakutazama upande wetu.

Hakimu aliuliza kama mzazi ana neno. Baba alisimama. Alikuwa na nyuzi za sufi kwenye kofia. Nikajua anachotaka kufanya kabla hajakifanya, na mama pia alijua, akamshika kanzu.

"Bwana," baba alisema, "huyu mtoto ni mzuri. Anashona kunishinda mimi. Humtekea mama yake maji bila kutumwa. Huyu ndiye bora katika wanangu."

Alisema mbele ya korti iliyojaa watu, macho mia, na hakuna hata mmoja aliyetamka mashaallah.

Hakimu akaligonga lile rundo la barua kwa kidole. "Sasa unasema hivyo? Jana hana maana, leo ni bora?" Karani akacheka. Maaskari nao wakacheka. Baba akajifunika mdomo kwa mkono, akaketi.

Miezi iliyobaki, na miaka miwili juu yake. Jela kubwa.

Tangu siku hiyo, askari akipita mtaani baba husimama na kuacha kazi. Anangoja kuambiwa kwamba kaka amekufa. Anaamini amemuua kwa maneno yale ya kortini. Zile barua kumi na mbili hazimsumbui hata kidogo. Kwake yeye ndizo zilizomweka hai muda wote ule. Kuhusu sentensi zangu aliniuliza mara moja tu. "Yale ya sokoni ulisema wewe?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Uliongeza vizuri." Alidhani na mimi nilikuwa namkinga.

Mwezi uliopita ilikuja barua ya kwanza kutoka jela, kaka ameandika mwenyewe kwa herufi kubwa za kukokota. Nilimsomea baba na mama. Anasema hajambo, amepangiwa kushona magunia, mkono wake umezoea. Anamsalimia mama. Anamwuliza shangazi kama bado anafunga kabati. Mwisho ameandika: barua za nyumbani zisiandikwe na mdogo wangu, mtafuteni mtu mwingine.

Mstari huo ningeweza kuuruka. Niliusoma.

Baba akamtafuta kinyozi. Leo ni Jumamosi, na kinyozi ameketi barazani mahali pangu, mkekani, kalamu sikioni. Mimi niko ndani nyuma ya pazia na daftari hili. Baba anasema kwa sauti kubwa ili isikike njiani, na wateja wanangoja zamu yao ya kunyolewa huku wakisikiliza.

"Andika. Hatuna haja nawe. Mvivu wee. Huna maana, hujapata kuwa na maana."

"Pole pole, mzee," kinyozi anasema, "wino unakimbia. Niongeze na habari za tairi?"

Wanacheka. Baba anarudia kuanzia mwanzo, kwa ukali zaidi, na sauti yake inakatika katikati. Hakuna aliyeniita nitoke.